Mwanahistoria, mwandishi wa tarehe au mpokezi: tumwite nani aliyetuwekea mambo ya zamani?

Mjukuu wa Wete

Assalaam alaykum nyote. Ninafungua uzi huu nikiwa na haja ya kweli, kwani kuna neno moja lililoizuia kazi ya nyumbani kwetu isimalizike, na wazee niliowauliza wamenipa majibu yasiyolingana. Babu yangu mzaa baba, aliyeishi Wete hadi mwisho wa umri wake, aliacha madaftari matatu aliyoyaandika Kiswahili kwa hati za Kiarabu. Ndani yake hamna visa virefu wala maelezo ya sababu za mambo. Mna mistari mifupi: fulani kazaliwa, fulani kafariki na kuzikwa wapi, mvua za vuli zimeanza mwongo gani, yaani kumi gani la siku za mwaka, karafuu za shamba la bondeni zimetoka pishi ngapi, jahazi gani limevunjika, nani kaozwa na kwa mahari gani. Mimi na ami yangu tumekwisha kuyahamisha yote kwa herufi za kirumi, na lililobaki ni jalada. Binamu yangu aliye Unguja ametuletea jalada lililoandikwa “Mwanahistoria wa Wete” chini ya jina la babu. Ami ameyasoma maneno hayo, akanirudishia karatasi, akasema kwamba baba yake hakuwa mwanahistoria, alikuwa mtu aliyeweka tarehe.

Kauli hiyo ya ami ndiyo iliyonileta hapa. Leo mtu akitamka tarehe sote tunafahamu siku ya mwezi, wala hatufikirii zaidi. Lakini neno hili limetokana na tarikh ya Kiarabu, ambayo inabeba mambo mawili kwa pamoja, yaani kuliwekea jambo wakati wake, na masimulizi ya mambo yaliyopita. Na Kiswahili cha Visiwani kililipokea neno pamoja na maana zake zote mbili. Madan, mmisionari aliyefanya kazi hapa Unguja na ambaye kamusi yake ilitoka 1903, alilifasiri kwa siku ya mwezi na vile vile kwa kumbukumbu za mambo ya kale. Sheikh Abdallah Saleh Farsy, katikati ya miaka ya 1940, alipoandika habari za Imamu Shafii na wanavyuoni wakubwa wa Mashariki ya Afrika, alikiita kitabu chake Tarehe, na jina hilo halikuhitaji kufafanuliwa kwa msomaji wa wakati ule. Baina ya kizazi kile na chetu, neno historia, lililotujia kwa njia ya skuli na lugha za Ulaya, limeichukua maana ile ya pili, na tarehe imebakia na kalenda peke yake.

Pamoja na historia akaja mwanahistoria, na hapo ndipo penye mzigo wangu. Maneno ya sura hii tunayo mengi na yana mantiki moja: mwanachuoni, mwanamaji, mwanasheria. Mwana wa kitu ni yule aliyelelewa na kitu hicho hata akakijua kwa ndani. Mtu hawi mwanamaji kwa kuvuka mara moja kutoka Unguja kwenda Mkoani. Kwa kipimo hicho mwanahistoria ni mtu aliyelelewa na elimu ya historia: anauliza kwa nini, analinganisha ushahidi, anakataa habari isiyosimama, na anajenga hoja. Profesa Abdul Sheriff ni mwanahistoria kwa maana hiyo kamili, kwani kitabu chake cha 1987 kuhusu watumwa, karafuu na pembe za ndovu hakikutuambia tu kwamba mambo hayo yaliuzwa Unguja, bali kilitueleza namna biashara hizo zilivyoifunga Zanzibar na masoko ya dunia. Lakini mwanahistoria wa namna hiyo hawezi kuanza kazi pasipo mtu aliyeketi kabla yake akaandika kwamba siku fulani kilifika chombo fulani na shehena fulani. Huyo wa pili, ambaye hakujenga hoja yoyote, ndiye ninayemtafutia jina.

Tazameni msikiti wa Kizimkazi Dimbani. Katika kibla yake mna maandishi ya Kikufi, hati ya Kiarabu ya zamani, yanayotaja mwezi wa Dhul-Qaada, yaani Mfunguo Pili, mwaka 500 wa Hijria, sawa na 1107. Vitabu vingi vya wasomi vimeandikwa kuhusu pwani yetu, na kila anayetaka kuonesha ukongwe wa Uislamu hapa hurudi kwenye mstari ule mmoja. Mtu aliyeuchonga hakuwa mwanahistoria na pengine hata hakuwa akitufikiria sisi. Aliweka tarehe. Kwa miaka zaidi ya 900 sasa tumeishi kwa fadhila ya mkono wake, na hatuna neno moja la kumwita lisilompunguza wala kumzidishia.

Naomba kwa hivyo mnisaidie. Je, “mwandishi wa tarehe” ni jina linalofaa, au lipo jingine mnalolijua kutoka kwa wazee wenu? Na je, ami yangu ana haki kulikataa neno mwanahistoria, au anamnyima baba yake heshima anayoistahiki?

Maalim wa Chake

Wa alaykumu salaam, ndugu yangu. Nimefundisha Kiswahili kwa muda mrefu katika skuli za hapa Pemba, na nitakujibu bila ya kukuficha: naona ami yako amekaza mno. Lugha haimtazami mtu cheti chake. Mkulima ni mwenye shamba la ekari hamsini na mkulima ni mwenye majaruba mawili; vivyo hivyo mwanahistoria ni aliyesomea Chuo Kikuu na mwanahistoria ni babu yako aliyeshika kalamu usiku kwa mwangaza wa kandili.

Hoja yangu ya pili nimeichukua katika lugha hiyo hiyo ya Kiarabu uliyoitegemea. Ibn Khaldun, mwanachuoni wa Kiarabu, katika Muqaddima yake ya mwaka 1377, alieleza kwamba tarikh kwa nje yake haizidi kuwa habari za siku na za dola zilizopita, na kwa ndani yake ni uchunguzi na kuutafuta ukweli wa mambo na sababu zake. Angalia kwamba aliziona kazi zote mbili ambazo wewe umezitenganisha, na alimlaumu vikali anayenakili habari bila ya kuzipima, lakini hakumtungia kila mmoja jina lake. Wote waliitwa waarrikhi, yaani watu wa tarikh, na elimu ikabaki moja. Ikiwa Waarabu wenyewe, waliotupa neno, hawakulipasua, sisi tunalipasua kwa faida gani?

Ninaogopa pia jambo jingine. Tukishasema kwamba mwanahistoria ni msomi tu, na kwamba wazee wetu walikuwa waandishi wa tarehe, basi kijana atakayesoma ataona kwamba historia ya Zanzibar ilianza pale Wazungu walipokuja kuiandika. Said bin Ali al-Mughairi aliiandika tarikh ya Zanzibar kwa Kiarabu, kitabu kizima, na yeye aliishi katika visiwa hivi. Utamweka upande gani wa mstari wako?

Binti Tumbatu

Samahani Maalim, na samahani kaka, naomba niingie baina yenu. Nyote wawili mmesimama juu ya kalamu. Bibi yangu alikuwa mkunga na hakujua kusoma hati yoyote, si za Kiarabu wala za kirumi. Lakini akiulizwa umri wa mtu alijibu kwa uhakika, kwa sababu alijua nani alizaliwa kabla ya nani, mama yake alikuwa amehamia nyumba ipi, na ulikuwa msimu wa kaskazi au wa kusi. Watu waligombania mirathi wakaja kwake, na kauli yake ikakubaliwa na pande zote. Neno lenu, liwe mwanahistoria au mwandishi wa tarehe, linamwacha nje.

Nalitaja jambo hili si kwa ajili ya bibi yangu peke yake. Chukueni mfano wa tarehe ya Pate, ambayo ni maarufu kuliko maandishi mengi ya pwani. Nakala ya zamani inasemwa ilipotea Witu, Waingereza walipoupiga mji ule mwaka 1890. Baada ya hapo, nakala karibu zote tulizonazo zinarudi kwa mtu mmoja, Bwana Kitini, aliyekuwa wa ukoo wa Kinabahani uliotawala Pate, na zimetofautiana kwa urefu, kwa majina na kwa miaka, kwa kuwa alizitoa kwa watu mbalimbali na nyakati mbalimbali. Sasa Bwana Kitini alikuwa nani? Kumwita mwandishi si kamili, kwani nguvu yake ilikuwa katika yale aliyoyahifadhi kutoka kwa babu yake. Mimi ningemwita mpokezi. Neno hili tunalo katika elimu ya Hadithi, ambako mpokezi ana dhamana kubwa: anaulizwa kapokea kwa nani, na yule kapokea kwa nani, na kama kumbukumbu yake ilikuwa nzima. Ni neno linaloheshimu na kuhoji kwa wakati mmoja, jambo ambalo silioni katika mwanahistoria wala katika mwandishi wa tarehe.

Mjukuu wa Wete

Ahsante sana, Maalim, na ahsante dada yangu. Nimekaa siku mbili na maneno yenu kabla ya kujibu.

Maalim, khofu yako juu ya vijana nimeipokea na ninaikubali, na kwa al-Mughairi sina mjadala: aliyekusanya, akapanga na akaandika tarikh ya nchi nzima ni mwanahistoria, awe ameandika kwa Kiarabu au kwa lugha nyingine yoyote, na awe amesoma chuoni au barazani. Mstari wangu haupiti baina ya msomi wa kileo na mzee wa zamani. Unapita baina ya kazi na kazi. Mtu mmoja anaweza kuzifanya zote mbili, asubuhi hii na jioni ile. Lakini Ibn Khaldun uliyemtaja, naona anaisaidia hoja yangu zaidi kuliko yako, kwa sababu alipomlaumu mwenye kunakili bila ya kupima alikuwa akimlaumu mtu aliyejiita muarrikhi na kudai cheo cha ndani hali ya kuwa amebaki nje. Babu yangu hakudai cheo hicho. Ukimpa cheo asichokidai, utamfungulia na lawama isiyomhusu: atakuja msomaji aseme kwamba mwanahistoria huyu hakueleza sababu, hakutaja vita, hakusema lolote juu ya siasa. Na kweli hakusema. Mwaka 1964 umo katika daftari la pili, na mstari wa mwezi wa Januari unataja mazishi ya jirani na bei ya mchele. Akisomwa kama mwanahistoria ataonekana kwamba amejificha. Akisomwa kama mtu aliyeweka tarehe za nyumba yake, mstari ule unakuwa ushahidi wa namna mwezi ule ulivyopita katika nyumba moja ya Wete, na thamani yake haipungui hata kidogo.

Dada yangu, kuhusu mpokezi umenifunza jambo. Nililiacha neno hilo kwa kuwa nililiona ni la msikitini, na sasa naona nilikosea. Lakini kwa babu halikai sawasawa. Yeye hakupokea, aliyaona mwenyewe na kuyaandika siku ile ile, na wino unaonesha hivyo, kwani unabadilika kutoka mstari hadi mstari. Bibi yako na Bwana Kitini ni wapokezi. Mwenye daftari ni shahidi. Na baina yao yupo wa tatu ambaye hatujamtaja, naye ni mwenye kunakili. Ile tarehe ya Kilwa ya Kiarabu, ambayo mtungaji wake hatumjui kwa jina, imetufikia kwa nakala iliyoandikwa hapa Unguja mwaka 1877. Lau asingekuwapo mtu wa kuketi na kuinakili, tungebaki na ule muhtasari wa Kireno ulioingizwa katika kitabu cha João de Barros katika karne ya 16.

Mimi na ami tuko katika daraja hiyo ya tatu. Maisha ya Tippu Tip, aliyoyatoa mwenyewe kwa Kiswahili, yalihamishwa kwa herufi za kirumi na Mjerumani Heinrich Brode mwanzoni mwa miaka ya 1900, na hakuna anayemwita Brode mwenye maisha yale. Hilo nalisema kwa ajili ya binamu yangu, ambaye alitaka majina yetu yawe juu.

Mtunza Karatasi

Nimeusoma uzi huu tangu mwanzo. Kazi yangu ni ya nyaraka, na ninapenda kuongeza jambo la matumizi, kwa sababu neno zuri lisilofahamika halimsaidii msomaji.

Neno mwandishi limebeba mengi. Ni mtunzi wa kitabu, ni karani, na likiongezewa habari linakuwa mtu wa gazeti na redio. Zingatieni hilo la mwisho. Wazee wa pwani waliyaita maandishi yao ya kale habari mara nyingi: tuna Habari za Lamu, tuna Habari za Wakilindi alizoziandika Abdallah bin Hemedi. Mtu huyo, kwa Kiswahili cha zama zake, angeweza kuitwa mwandishi wa habari pasina utata wowote. Leo ukimwita hivyo msomaji atadhani alifanya kazi gazetini. Habari imekwenda kwenye gazeti, tarehe imekwenda kwenye kalenda, hadithi imekwenda kwenye ngano za watoto isipokuwa kwa Hadithi za Mtume. Maneno matatu yaliyokuwa yakibeba mambo ya kale yameshushwa mzigo huo, na wote umepakiwa juu ya historia. Ndiyo maana mwanahistoria amezidiwa.

Kwa hivyo ukiandika “mwandishi wa tarehe” kwenye jalada, wengi watafahamu mtu anayeandika siku na mwezi ubaoni darasani. Nisingelitumia peke yake. Tarikhi, kwa matamshi ya wazee, lingekuwa wazi zaidi, kwa kuwa halijachakaa. Lakini nalo kijana wa leo ataliona la Kiarabu na hatalizoea upesi.

Nina ushauri mmoja tu, nao ni wa kikazi. Tunapoorodhesha hati ambayo mwenyewe hakujitaja kwa cheo, hatumtungii cheo. Tunasema imeandikwa na fulani, mahali fulani, baina ya mwaka huu na mwaka huu. Ukitazama maandishi ya zamani ya Kiswahili utaona wenyewe walikwenda njia hiyo hiyo: wanasema “aliyeandika habari hizi ni fulani bin fulani”, wanakitaja kitendo na kumwachia mtu jina lake na nasaba yake. Sijui kwa nini unalazimika kutafuta nomino wakati Kiswahili kina kitenzi kinachofanya kazi hiyo vizuri.

Maalim wa Chake

Nimekubali kwa Mtunza Karatasi. Darasani nitaendelea kumwita mwenye daftari mwanahistoria, kwa kuwa nataka mwanafunzi ajue kwamba naye anaweza kuanza leo kwa kuandika aliyoyaona. Lakini jalada ni dhamana ya kizazi, na hapo sitabishana na ami. Nakuomba jambo moja, ndugu yangu: msiziache tarehe zake zikiwa zimegeuzwa zote kuwa za Miladi. Kama alihesabu kwa Nairuzi, yaani mwaka wa jua wa wakulima na mabaharia wa pwani, kwa mwongo na kwa jina la mwaka, ambalo ni la siku ya wiki ulipoanzia, basi wekeni alivyoandika kwanza, kisha hesabu yenu ifuate. Mwaka wa Nairuzi una siku 365 bila ya kuongezwa siku ya mwaka mrefu, kwa hivyo unajongea polepole, na ukigeuza kwa kukisia utakosea msimu.

Mjukuu wa Wete

Maalim, umenigusa mahali penyewe, kwani nusu ya daftari la kwanza tulikuwa tumekwisha kuigeuza na tumebaini makosa mawili. Tumeirudia upya kwa hesabu yake mwenyewe. Pale alipoandika Hijria tumeacha Hijria, na pale alipohesabu kwa miongo tumeacha miongo, na mwaka wa Miladi umekaa pembeni kwa herufi ndogo.

Jana usiku, baada ya sala ya Isha, nilimsomea ami uzi wote. Alinyamaza muda mrefu katika maneno ya Binti Tumbatu, akaniambia kwamba habari nyingi za kuzaliwa watu zilizomo daftarini babu alikuwa akiletewa na mkewe, yaani bibi yangu, aliyekuwa akienda kwenye nyumba za waliojifungua na kurudi na majina. Katika miaka yote tuliyofanya kazi hii hakupata kulitaja jambo hilo, wala mimi sikupata kumuuliza. Kwa hivyo jalada litakuwa na majina mawili. La babu litatanguliwa na “limeandikwa na”, na la bibi litatanguliwa na “kwa habari alizozipokea na kuzileta”. Neno mwanahistoria halimo. Mwandishi wa tarehe limo katika dibaji, mara moja, pamoja na maelezo ya maana yake ya zamani, na mpokezi limo pia kwa fadhila ya dada yetu wa Tumbatu.

Kitabu chenyewe tumekipa jina la Daftari la Tarehe. Ami alitaka chini ya jina hilo uwekwe mstari wa kwanza wa daftari la kwanza, kama ulivyo, nasi tumeuweka: “Mwongo wa mia, mwaka Alkhamisi, mvua imenyesha usiku kucha, karafuu hazikuanikwa.”